Miguu imevimba, usiku silali, na mama mkwe anasema nipunguze maji

"Shikamoo mkunga. Nina miaka 24, mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33. Naishi Dar es Salaam, nauza vitenge, nakaa dukani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Ni wiki ya tatu sasa miguu inavimba, ikifika jioni hata ndala zinabana, asubuhi inapungua. Kliniki ya mwisho ilikuwa kabla haijaanza kuvimba, presha 116 kwa 74, mkojo wakasema hauna shida. Usiku silali: kiungulia, kukojoa kila saa, misuli ya mguu inanibana hadi napiga kelele. Mama mkwe anasema nipunguze maji na chumvi uvimbe ushuke, niache mayai na nile kidogo, mtoto asije akawa mkubwa nikapasuliwa. Jirani kaniambia nisilale chali hata dakika moja, mtoto atakufa, na mimi kila nikiamka najikuta chali. Binti wa mama mdogo alifariki kwa kifafa cha mimba, naye alianza na kuvimba miguu. Udongo wa pemba natafuna kidogo, siwezi kuacha. Wiki mbili zijazo nataka kupanda basi niende Dodoma kwa mama nikajifungulie huko. Niogope au nivumilie?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo kama manane kwa mpigo, lakini naona lipo moja lililoyabeba mengine yote. Binti wa mama yako mdogo alianza na miguu, na sasa miguu yako nayo imevimba. Kila ukiinama jioni kuitazama unamwona yeye. Pole sana. Tuanze hapo, kiungulia kitasubiri zamu yake.

Kwanza ujue maji hayo yanatoka wapi. Mjamzito hutengeneza damu zaidi, na kufikia miezi hii ya mwisho damu yako imeongezeka kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni maji. Damu ikishuka miguuni lazima ipande tena kurudi kwenye moyo, na huko chini msukumaji wake mkubwa ni misuli ya vigimbi unapotembea. Ukikaa kwenye kiti kutwa nzima, msukumaji amelala. Halafu ndani ya tumbo kuna mshipa mkubwa unaopandisha damu, uko upande wa kulia wa uti wa mgongo, na kizazi chenye mtoto wa kilo mbili hivi, pamoja na maji yake na kondo la nyuma, kimeukalia. Damu inarundikana chini, maji yake yanachuja polepole kwenye kuta za mishipa midogo na kuingia kwenye nyama. Ongeza na joto la Dar. Bonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu saa kumi na mbili jioni, utaona kishimo kinabaki.

Usiku ukijilaza kwa ubavu, uzito unaondoka kwenye ule mshipa. Maji yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, na wewe unaamka kwenda chooni. Unanilalamikia miguu na unanilalamikia kukojoa kana kwamba ni matatizo mawili, kumbe mkojo wa saa nane usiku kwa sehemu kubwa ni ule uvimbe wa jioni unatoka. Ndiyo maana asubuhi ndala zinakutosha.

Kwa hiyo ushauri wa kupunguza maji hautakusaidia. Uvimbe haukuja kwa sababu ulikunywa mno. Ukijinyima maji utapata choo kigumu, kichwa kuuma, kizunguzungu kwenye joto, na mkojo mzito unaokaribisha maambukizi. Kunywa kila unapohisi kiu, na uhakikishe mkojo wako ni wa rangi hafifu. Kama safari za usiku zinakuchosha, kunywa zaidi mchana na upunguze saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Chumvi nayo, ile ya kawaida ya mboga haina ubaya, ila ya kunyunyiza mezani na krispi za dukani achana nazo. Kula bila chumvi kabisa hakuzuii kifafa cha mimba. Na asije mtu akakupa vidonge vya kukojosha kutoka duka la dawa kwa ajili ya uvimbe huu.

Sasa kifafa cha mimba. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, mbali na miguu. Mwanzoni mwa mimba mishipa inayolisha kondo hutakiwa kutanuka vya kutosha. Kwa baadhi ya wanawake haitanuki vizuri, na baadaye kondo linaanza kumwaga kwenye damu kemikali zinazojeruhi kuta za mishipa ya mwili mzima. Mishipa inajibana na presha inapanda. Figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Ini linaumia, ubongo unaumia, na ikifikia kilele mama anaanza degedege. Kuta zilizojeruhiwa huvuja maji pia, ndiyo maana wengine huvimba. Lakini wapo wasiovimba kabisa. Nilipokuwa nasoma ukunga, vitabu vyetu vilitaja alama tatu: presha, protini na uvimbe. Siku hizi uvimbe umeondolewa kwenye kipimo cha ugonjwa, kwa sababu wajawazito wengi wazima huvimba, na wagonjwa kadhaa hawavimbi. Nimewahi kupokea mama mwembamba, miguu mikavu kabisa, aliyekuja akilalamika kichwa akidhani ni malaria. Presha yake ilikuwa 170 kwa 115.

Ndugu yako sikumwona, siwezi kukuambia lililompata. Ila kuvimba kwake miguu hakutoshi kuniambia kwamba njia yako na yake ni moja. Kitakachotuambia ni namba. Na hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi mdogo nawe: ile 116 kwa 74 ni nzuri sana, lakini ni ya kabla hujaanza kuvimba. Hatuna namba ya sasa. Hii ni mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza huwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kuliko zinazofuata. Presha inaweza kupanda bila kukuuma popote. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, ya mahudhurio 8, inakutaka kliniki wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40, kwa hiyo zamu yako ingefika hivi karibuni. Usiingoje. Kesho kabla ya kufungua duka pita zahanati iliyo karibu, na kadi yako, wakupime presha na mkojo. Dakika kumi tu. Ikiwa chini ya 140 kwa 90 na mkojo hauna protini, miguu hiyo ni kero tu. Ikifika 140 kwa 90 au kupita, hata namba ya juu peke yake au ya chini peke yake, usirudi dukani: waulize wakupeleke wapi kwa uchunguzi zaidi. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura ya saa hiyohiyo.

Na yapo ambayo hayasubiri kesho. Uso au mikono kuvimba ghafla, hadi pete haitoki au macho yameumuka ulipoamka. Kichwa kuuma na panadol haikitulizi. Macho kuona ukungu au vimulimuli. Maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe, wengi huyaita kiungulia, lakini haya hayaondoki ukikaa wima. Kutapika upya baada ya miezi ya utulivu. Kutoka damu. Maji kuvuja ukeni hata kama ni kidogo. Homa. Mguu mmoja tu kuvimba, kuuma na kuwa wa moto kwenye kigimbi, maana huo unaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Kwa lolote kati ya hayo nenda hospitali saa hiyo, iwe usiku wa manane. Usafiri ukikosekana, namba 115 ni ya bure, ni ya mfumo wa m-mama unaobeba wajawazito wa dharura. Iandike kwenye simu yako na ya mume wako leo.

Tukishapima na tukakuta uko salama, miguu tunaihudumia hivi. Dukani tafuta kigoda, uweke miguu juu yake kila mteja anapoondoka. Kila nusu saa zungusha vifundo, panda na kushuka kwa ncha za vidole mara ishirini, tembea hadi mlangoni na kurudi. Unaamsha yule msukumaji wa vigimbi. Mchana, hata kwa robo saa, tandika kitenge nyuma ya kaunta ulale kwa ubavu (vitenge unavyo, usinidanganye). Vua kikuku, legeza khanga inayobana mapajani. Jioni loweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi kiasi, angalau joto linapungua. Zipo soksi za kubana zinazosaidia kweli, ila zivaliwe asubuhi kabla ya uvimbe, na kwa joto la huko sijui kama utazistahimili hadi saa nne.

Kuhusu kulala chali, jirani kachukua jambo la kweli akalifanya bunduki. Ni kweli kwamba kuanzia wiki ya 28 tunashauri mjamzito aanze usingizi kwa ubavu, kwa sababu tafiti zimekuta uhusiano kati ya kujilaza chali na mtoto kufia tumboni. Ule mshipa mkubwa ukikandamizwa, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na ya mtoto pia. Lakini kinachohesabiwa zaidi ni namna unavyoanza kulala, kwa kuwa ndiyo unayokaa nayo muda mrefu. Ukiamka ukajikuta chali, geuka tu, urudi usingizini. Hujamuua mtu. Kushoto ni kuzuri kwa sababu mshipa uko kulia, lakini ubavu wa kulia nao unafaa, usijitese kwa upande mmoja hadi nyonga iume. Mto mmoja katikati ya magoti, khanga iliyokunjwa chini ya tumbo, na nyingine nyuma ya mgongo ikuzuie kubiringika. Mgongo na nyonga navyo vitakushukuru.

Misuli inayokubana usiku: nyoosha mguu, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, kisigino kikisukumwa mbele. Usivinyooshe vidole kama mcheza ngoma, utaongeza maumivu. Kabla ya kulala simama hatua moja kutoka ukutani, egemea kwa mikono, visigino vikiwa chini, hesabu hadi thelathini. Fanya mara tatu kila mguu.

Kiungulia kinatokana na homoni ya mimba kulegeza kizibo cha juu ya tumbo la chakula, huku kizazi kikilisukuma tumbo hilo kutoka chini. Kula kidogo mara tano badala ya sahani mbili kubwa, na ukishakula cha usiku usilale kabla ya muda wa saa mbili au tatu kupita. Chapati za mafuta, pilipili, soda na chai ya rangi kali vipumzishe jioni. Weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, inasaidia kuliko kurundika mito inayokukunja shingo na tumbo. Magadi ya kuramba acha. Dawa za kutuliza asidi zipo na nyingi ni salama, mfamasia akuchagulie, ila uzitenganishe na vidonge vya kuongeza damu kwa saa mbili. Na wale wanaosema kiungulia ni nywele za mtoto, nilikuwa nawacheka, mpaka mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walipochapisha kazi yao: waliwafuatilia wanawake 64, na waliosumbuliwa zaidi na kiungulia walielekea kweli kuzaa watoto wenye nywele nyingi. Wanawake 64 ni wachache, lakini siwacheki tena bibi zetu kwa sauti.

Hapo kwenye mayai, hata hivyo, sikubaliani na mama mkwe. Kwanza nimtetee: hakusemi vibaya. Watu wa rika lake wameona wanawake wakikwama uzazini mbali na chumba cha upasuaji, na mtoto mdogo alikuwa bima yao. Lakini njaa ya mama haimfanyi mtoto apite kwa urahisi. Kupita kunategemea nyonga yako, mlalo wa kichwa chake na nguvu ya uchungu. Ukijinyima sasa, wiki ambazo mtoto anajaza mafuta ya kumtunzia joto na ubongo wake unakua kwa kasi, utapata mtoto mwenye uzito pungufu na wewe utaingia leba ukiwa huna damu wala nguvu. Yai moja kwa siku, lililoiva vizuri, ni chakula cha thamani kwa bei ndogo. Dagaa wale na vichwa vyao, maharage, mchicha, maziwa. Huhitaji kula kwa ajili ya watu wawili, nyongeza ya bakuli la uji wa ulezi na ndizi au kiporo cha maharage inatosha. Kama umewahi kuambiwa una sukari, hilo ni somo jingine, waulize kliniki.

Pemba sasa. Najua inavyonukia mvua ikinyesha, huna haja ya kunieleza. Hamu hiyo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unashika madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu, kwa hiyo unazunguka palepale. Udongo huo unaweza pia kuwa na mayai ya minyoo na madini ya sumu kama risasi. Kesho waombe wakupime wingi wa damu. Chini ya 11 ni upungufu, na matibabu ni bora yaanze leo kuliko wiki ya 38. Hukuniambia kama unameza vidonge vya kuongeza damu. Kama vimekuchefua ukaviweka kabatini, hujawa wa kwanza. Jaribu kumeza usiku ukiwa unakwenda kulala, kwa maji ya limau au chungwa, kamwe si kwa chai, maana chai hufunga chuma. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Jambo moja hukuuliza nami nalitaja kwa sababu naliona kila wiki: mgongo ukiuma, muuza duka la dawa atakupa diklofenaki. Usimeze, wala ibuprofeni. Miezi hii ya mwisho dawa hizo zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ambao mtoto anautegemea tumboni, na kupunguza maji yake. Parasetamoli ndiyo yako, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Na la pili: wako watakaokuambia mtoto hupunguza kucheza akikaribia kuzaliwa kwa kuwa nafasi imeisha. Si kweli. Aina ya mchezo hubadilika, anasukuma zaidi kuliko kuruka, lakini anaendelea hadi siku ya uchungu. Wewe ndiye unayejua kawaida yake. Siku akipungua kuliko ilivyo kawaida, usinywe soda ya baridi ukasubiri kesho, nenda wakasikilize mapigo.

Dodoma. Kwenda kwa mama ni jambo jema, wala sitakuzuia kama vipimo vya kesho ni vizuri. Wiki mbili zijazo utakuwa wiki ya 35, usichelewe zaidi ya hapo. Lakini basi hilo la kutwa ndilo kiti cha dukani kilichofungwa magurudumu. Ukiweza, panda treni ya SGR: ni saa chache, unaweza kusimama na kutembea kwenye behewa, na choo kipo. Ikibidi basi, chukua kiti cha njiani, mkanda upite chini ya tumbo juu ya mapaja, shuka kila linaposimama, na usijinyime maji kwa kuogopa choo cha stendi. Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba wa mkononi, isiwe kwenye begi la buti. Ukifika, wiki ileile nenda kajiandikishe mahali wanapofanya upasuaji, kwa sababu mimba ya kwanza haina historia ya kutuambia nyonga yako itafanya nini. Na mama au shangazi akikuchemshia majani ya kuharakisha uchungu, pokea kikombe kwa adabu, ukimwage. Mengine yanakaza kizazi kwa nguvu tusiyoweza kuipima wala kuizima, na nimeona kizazi kikipasuka.

Mama mkwe mpe heshima yake, na umwombe akusindikize kliniki kesho. Akae karibu na mashine ya presha, asikie namba kwa masikio yake. Yai mle pamoja mkirudi.